Mungu Aliyetwaa Mwili, na Miili ya Binti Zetu



Kila Dominika tunapoungama imani yetu katika Misa Takatifu, twafika mahali ambapo Kanisa latuagiza kuinama. Ni pale tunapokiri ya kuwa Mwana wa Mungu, kwa uwezo wa Roho Mtakatifu, alitwaa mwili kwake Bikira Maria akawa mtu. Siku ya Noeli, na tarehe 25 Machi tunapokumbuka jinsi Malaika Gabrieli alivyompasha Maria habari, hatuinami tu, bali twapiga magoti. Hakuna fungu jingine la Kanuni ya Imani linalopewa heshima ya namna hiyo.

Basi yafaa tujiulize: sisi tunaopiga magoti, je, twajua tunachokikiri? Na kama twajua, je, imani hiyo hutoka pamoja nasi kanisani ikafika jikoni, zizini, na katika kikao cha ukoo? Maana imani isiyovuka kizingiti cha kanisa ni kama mbegu iliyoachwa ghalani: haijaoza, lakini haimlishi mtu.

Leo twapenda kulitazama fumbo hili la Mungu kujifanya mtu, na kulitazama macho yetu yakiwa katika nchi maalumu. Nchi hiyo ni Manchira, jirani na mji wa Mugumu wilayani Serengeti, pamoja na vijiji vya Serengeti na Tarime wanakokaa Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata na majirani zao. Hatuitaji kwa kuinyoshea kidole. Ni nchi yenye Wakristu wa bidii, na neno tutakalolisema lawahusu Wakatoliki wa kila jimbo. Twaitaja kwa sababu huko, katika Noeli za miaka fulani, imani yetu katika Mungu aliyetwaa mwili hupimwa kwa wembe.

NAFSI MOJA, HALI MBILI

Tangu kale fumbo hili limewashinda watu kwa pande mbili. Wako walioona vigumu kukubali ya kuwa mtoto aliyelia horini ni Mungu kweli. Arius, padre wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe. Aliye bora kuliko viumbe vyote, lakini kiumbe tu. Maaskofu waliokusanyika Nisea mwaka 325 walimkatalia, wakatangaza ya kuwa Mwana ana Umungu ule ule mmoja na Baba. Mwaka 2025 Kanisa liliadhimisha miaka 1700 ya mtaguso huo. Mababa wale hawakubishania maneno matupu. Kama Kristu si Mungu, basi aliyekufa msalabani ni mjumbe aliyetumwa kuteswa mahali pa mwingine, na Mungu mwenyewe amebaki mbali, wala miguu yake haijui vumbi letu.

Wako wengine walioshindwa kwa upande wa pili, kwa kuwa waliona haya kusema kwamba Mungu ana damu na mifupa. Hao walidai ya kuwa mwili wa Kristu ulikuwa kivuli tu, na mateso yake maigizo. Apollinaris, askofu wa Laodikea, alikubali mwili, lakini akakana kwamba Kristu alikuwa na roho yenye akili ya kibinadamu. Fundisho lake lilikataliwa na Mtaguso wa Konstantinopoli mwaka 381. Baadaye Nestorius, askofu mkuu wa Konstantinopoli, alimtenga Mwana wa Mungu na mwana wa Maria kana kwamba ni wawili, hata hakutaka Maria aitwe Mama wa Mungu. Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431 ukalilinda jina hilo, kwa sababu anayezaliwa na mama ni mtu mzima, si mwili peke yake, na huyo aliyezaliwa na Maria ndiye Mungu Mwana.

Kisha mtawa Eutyches akayumba upande wa pili, akasema ya kuwa ubinadamu wa Kristu umemezwa na Umungu wake. Papa Leo Mkuu aliandika barua ya mafundisho mwaka 449, na mwaka 451 mababa wa Kalsedonia wakaweka alama ambayo Kanisa halijaing'oa mpaka leo: Kristu ni Nafsi moja, ndiyo Nafsi ya Mwana, mwenye hali mbili kamili, hali ya Kimungu na hali ya kibinadamu. Hali hizo mbili hazichanganyiki wala hazigeuzani. Wala hakuna awezaye kuzitenga.

Mfugaji wa Manchira atalielewa jambo hili upesi. Mtu akimimina maji katika kibuyu cha maziwa, hapati tena maziwa kamili wala maji safi, bali kitu cha tatu ambacho hathubutu kumpa mgeni. Sivyo alivyo Bwana wetu. Yeye si nusu Mungu na nusu mtu, wala si kitu cha tatu. Ni Mungu kamili, ni mtu kamili, naye ni mmoja.

HAKUUVAA MWILI KAMA JOHO

Twamwomba msomaji asiyapite haraka maneno haya, “mtu kamili.” Katika Injili ya Yohane twasoma jinsi Bwana alivyofika kisimani kwa Yakobo wakati wa adhuhuri, amechoka kwa safari, akamwomba mwanamke Msamaria maji ya kunywa. Watu wa Mugumu wanaonywa maji ya bwawa la Manchira, na akina mama wa vijijini wanaojitwika ndoo kutoka mtoni, wajua kiu ni nini. Kiu ya Yesu haikuwa maigizo. Koo lililokauka lilikuwa koo la Mwana wa Mungu.

Vivyo hivyo alipolala chomboni kwa uchovu, aliyelala ni yeye. Alipolia mbele ya kaburi la Lazaro, machozi yalikuwa yake. Usiku wa Gethsemani aliogopa kifo kama sisi tunavyokiogopa, akayatii mapenzi ya Baba kwa utashi wa kibinadamu uliokuwa wake kweli. Ndivyo ulivyofundisha mtaguso mwingine wa Konstantinopoli katika miaka ya 680 na 681. Na damu iliyomwagika Kalvari ilikuwa damu aliyoipata tumboni mwa mwanamke.

Tena alipofufuka hakuuvua mwili huo, kama msafiri avuavyo joho lenye vumbi afikapo nyumbani. Alimwonyesha Toma makovu yake. Alipaa nao mbinguni. Leo hii, wasomaji wapendwa, katika utukufu wa Utatu Mtakatifu upo mwili wa binadamu wenye makovu, nao utakuwapo milele.

Mtakatifu Gregori wa Nazianzo alifundisha ya kuwa kitu ambacho Mwana hakukitwaa, hakikuponywa. Basi alichokitwaa, amekiponya na kukitakasa. Wala hakutwaa uso na mikono tu, akauacha mwili uliobaki. Aliitwaa hali yetu yote. Kwa hiyo hakuna kiungo cha mwili wa binadamu, wa mume au wa mke, ambacho Mkristu aweza kukiita kichafu, au kukihesabu kama kosa la Muumba lipaswalo kusahihishwa na ngariba.

WAKATI WA NOELI, WAKATI WA WEMBE

Sasa tuseme wazi. Katika koo nyingi za Wakurya msimu wa tohara, waitao esaro, hufanyika hasa mwezi wa Desemba shule zikiwa zimefungwa, na mara nyingi katika miaka igawanyikayo kwa mbili. Wazee wa inchama huamua, na ngariba huitwa. Wavulana hutahiriwa, wasichana hukeketwa. Hivyo katika majuma yale yale ya Majilio, tunapoimba tukimngojea Mungu atwaaye mwili, miili ya watoto wa kike hukatwa, na damu yao humwagika ardhini. Na wengine wao ni binti wa Wakristu waliobatizwa.

Utafiti wa taifa wa afya wa miaka ya 2015 na 2016 ulionyesha ya kuwa katika Tanzania nzima wanawake 10 katika kila 100 wenye umri kati ya miaka 15 na 49 walikuwa wamekeketwa. Mkoani Mara walikuwa 32. Madhara yajulikana: kutokwa damu nyingi, vidonda kuoza, maumivu yasiyokwisha, taabu katika uzazi, na mara nyingine kifo. Mara nyingi baada ya kukeketwa binti huhesabiwa kuwa mtu mzima, basi kalamu huwekwa chini na ng'ombe wa mahari huanza kuhesabiwa.

Sheria ya nchi imekwisha kunena. Tangu mwaka 1998 ni kosa la jinai kwa mtu mwenye ulezi wa binti aliye chini ya umri wa miaka 18 kumkeketa au kusababisha akeketwe, na adhabu ya kifungo ni miaka 5 hadi 15. Lakini sheria yaweza kukimbiwa. Wasichana hukeketwa kwa siri, au wangali wadogo zaidi, au huvushwa mpaka wa Tanzania na Kenya. Askari aweza kulinda barabara. Hawezi kulala katika kila nyumba. Ndani ya nyumba yahitajika imani.

Twajua kwamba akina baba wengi wanaokubali jambo hili si watu wakatili. Wanaogopa. Binti asiyekeketwa huitwa omosagane, na jina hilo humfuata kisimani na sokoni. Baba huogopa binti yake asipate mume. Mama huogopa kuchekwa na wake wenzake wa mji. Hofu hizo ni za kweli, wala hatuzidharau. Lakini twauliza: je, hofu ya kuchekwa yatosha kuwa sababu ya kuukata mwili ambao Kristu aliufanya kuwa hekalu la Roho Mtakatifu siku ya Ubatizo?

MALAIKA ALINGOJA JIBU

Hebu tuirudie habari ya Nazareti. Mwenyezi Mungu, aliyeumba mbingu na nchi bila kumwomba mtu ruhusa, alipotaka Mwanae atwae mwili alimtuma malaika kwa msichana wa kijijini. Malaika hakumtisha. Alipomwona amefadhaika, alimtuliza. Msichana aliuliza swali, naye akajibiwa. Hakuambiwa ya kuwa watoto wa kike hawaulizi. Ndipo Maria alipokubali kwa kinywa chake mwenyewe, na katika kukubali huko Neno alitwaa mwili.

Tulitafakari jambo hili, wasomaji wapendwa. Mungu hakuugusa mwili wa binti yule pasipo hiari yake. Muumba aliye na haki juu ya vyote alingoja jibu la kiumbe wake. Nasi ni akina nani hata tumshike mtoto mikono na miguu, tumzibe kinywa asipige kelele? Wazee wanapoketi na kuamua juu ya miili ya wasichana wasioulizwa, wanajitwalia mamlaka ambayo Mungu mwenyewe hakutaka kuyatumia Nazareti.

Pengine baba atasema, “Binti yangu mwenyewe amekubali.” Lakini mtoto aliyeonyeshwa zawadi upande mmoja, na upande wa pili aibu ya ukoo mzima, hajaulizwa, ameonyeshwa njia moja tu. Maria aliambiwa kweli yote iliyompasa kujua, akajibu akiwa huru.

MAJIBU KWA WANAOULIZA

Wako watakaosema, “Hii ni mila yetu, na Kanisa limekuja kutunyang'anya.” Twajibu ya kuwa Mwana wa Mungu alipotwaa mwili alitwaa pia kabila, lugha na desturi. Kwa miaka kama 30 aliishi kijijini, akawatii wazee wake, akapanda Yerusalemu kwenye sikukuu, akakaa karamuni Kana. Hakuja kuyadharau mambo ya watu. Walakini desturi ilipomlemea mtu, yeye alimwinua mtu. Alimgusa mwenye ukoma asiyepaswa kuguswa. Alimponya mgonjwa siku ya Sabato mbele ya wakubwa walionung'unika. Kwa mfano huo, mafunzo ya unyago yaliyo mema, kama heshima kwa wazee, ushujaa, na siri za kuitunza nyumba, na yadumu. Kituo cha Masanga wilayani Tarime kimewakusanya wasichana wakati wa msimu, wakafundishwa na kuvuka rika kwa sherehe bila kukatwa. Kumbe mila yaweza kubaki na wembe ukaondoka.

Wengine watasema, “Yesu mwenyewe alitahiriwa.” Ni kweli, alitahiriwa siku ya nane, na zamani tarehe 1 Januari iliadhimishwa kwa jina la Kutahiriwa kwa Bwana, leo ni Sherehe ya Maria Mama wa Mungu. Lakini tohara ile ilikuwa alama ya agano la Abrahamu, nayo iliagizwa kwa wanaume tu. Katika Maandiko Matakatifu yote, toka Mwanzo hadi Ufunuo, hakuna mahali panapoagiza kumkata mtoto wa kike. Tena Mitume walipokutana Yerusalemu waliamua ya kuwa hata tohara ile ya agano haitawekwa kama mzigo juu ya shingo za mataifa wanaomwamini Kristu. Anayeutaja mwili wa Kristu ili aulinde wembe wa ngariba, anaisoma Injili kinyume.

Wako pia watakaosema, “Bibi zetu walikeketwa, na walizaa.” Ndiyo, waliozaa salama wako, nao husimulia wakiota moto. Lakini waliofia uzazini hawaketi motoni kusimulia.

YATUPASAYO

Imani ya Kalsedonia haikuandikwa ili ikaririwe darasani tu. Kama Kristu ni mtu kamili, yatupasa kuiheshimu miili ya watu. Na kama ni Mungu kamili, aliyoyasema juu ya wadogo si maoni ya mwalimu mwema, bali ni hukumu ya Mungu. Alisema ya kuwa tunalomtendea mmojawapo wa wadogo, twamtendea yeye. Kwa kuwa yeye ni Nafsi moja, hatuwezi kumwabudu katika Ekaristi na kumjeruhi katika chumba cha nyuma.

Ninyi akina baba, tangazeni mapema katika ukoo, kabla msimu haujafika, ya kuwa binti yenu hatakatwa. Mtakatifu Yosefu alimchukua mtoto na mama yake usiku akakimbilia Misri, wala hakuuliza majirani watasema nini. Na tukumbuke ya kuwa hata leo wako mabinti wanaokimbia usiku katika nchi ya Mara. Tangu mwaka 2014 iko nyumba salama mjini Mugumu ambayo imewapokea wengi wao. Anayemfungulia binti huyo mlango anamfungulia Mtoto wa Betlehemu aliyekimbizwa; naye anayemrudisha kwa nguvu, na ajiulize yuko upande wa nani katika habari ile.

Ninyi akina mama, ambao wengi wenu mmeyaonja maumivu hayo, msiyarithishe. Mwenye kujua moto humzuia mtoto.

Ninyi vijana wanaume, neno lenu lina nguvu kuliko mahubiri yetu. Siku mtakaposema mbele ya wazee kwamba mtaoa wasichana wasiokatwa, jina omosagane litapoteza sumu yake. Nanyi makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, lisemeni jambo hili katika Majilio yenyewe, msingoje Kwaresima. Ngariba aliye tayari kuacha kazi hiyo asisimangwe, bali asaidiwe kupata riziki nyingine. Bwana aliketi mezani pa watoza ushuru, nao walisimama wakiwa wapya.

Mwisho twawageukia ninyi binti na akina mama ambao mmekwisha kukatwa. Pengine mkisoma haya mwadhani mmehesabiwa kuwa na kasoro. Sivyo. Hakuna lawama juu yenu, wala heshima yenu mbele ya Mungu haikupungua hata kidogo. Bwana wetu mwenyewe alishikwa na watu wenye nguvu, mwili wake ukatobolewa, na wengi walisimama wakitazama. Alipofufuka aweza kuyafuta makovu yale, lakini hakuyafuta. Aliingia nayo mbinguni, ili kila aliyejeruhiwa mwilini ajue ya kuwa Mungu yuajua jeraha ni nini, na ya kuwa siku ya ufufuko mwili wake nao utang'ara.

Noeli ijayo tutapiga magoti tena tunapokiri ya kuwa Mungu alitwaa mwili. Tusimame hapo tukiwa tumeazimia ya kuwa hakuna mtoto wa nyumba yetu atakayelipa kwa damu yake hofu zetu sisi wakubwa. Naye Neno wa Mungu, aliyezaliwa na Binti wa Nazareti, awalinde binti wote wa Manchira, wa Serengeti, wa Tarime, na wa nchi yetu yote. Amina.